Nani Amlipe Mshauri wa Bima?

Katika masoko ya bima ya afya ya Marekani, ambayo katika msimu wa usajili wa mwaka 2025 yalijiwa na wanunuzi takriban milioni 24, kazi ya kumwongoza mnunuzi imegawanyika hasa baina ya watu wa namna mbili, ambao mgeni aghalabu huwadhania kuwa ni wamoja. Wa kwanza ni madalali wenye leseni, walipwao kamisheni na makampuni ya bima kwa kila mteja wamwingizaye. Wa pili ni wasaidizi waliofunzwa na kupewa cheti, waliowekwa na sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama mwezi Machi 2010, ambao ni haramu kwao kupokea malipo ya kampuni yoyote ya bima, na ambao hawamtozi mteja hata senti moja. Katika majimbo yatumiayo soko la serikali ya shirikisho, ujira wao hutoka katika fedha wanazogawiwa jumuiya za hisani, vyuo na vituo vya afya, nazo hukusanywa kwa tozo inayolipwa na makampuni yauzayo bima sokoni humo; kwa hiyo ubure wenyewe ni wa mezani tu, maana tozo hiyo mwishowe imo ndani ya ada ya kila mnunuzi.

Thamani ya kazi hii humdhihirikia mtu akikaa karibu na meza yenyewe. Tutwae, mathalan, nyumba ya wakimbizi wa Kongo waliohamia Fort Worth, Texas: baba ni mfanyakazi wa ghala ambaye saa zake hupanda na kushuka, mama hana kazi ya mshahara, na watoto ni watatu. Msaidizi, ambaye kanuni zamtaka aeleze mambo kwa namna ilinganayo na lugha na mila za mteja, huzitandaza hati za mshahara na vyeti vya uhamiaji, kisha huuliza, "Baba, mwaka ujao wadhani utapata kiasi gani, pamoja na saa za ziada?" Swali hilo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ruzuku ya kupunguza ada hukadiriwa kwa pato la mwaka ambao haujafika, na aliyejikadiria chini hudaiwa wakati wa kufunga hesabu za kodi, tena kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kikomo cha deni hilo kimeondolewa, naye atarejesha ziada yote. Watoto, endapo pato laruhusu, hupelekwa Medicaid, bima ya umma ya wenye pato dogo, au mpango mwenziwe. Wazazi husalia sokoni. Hapo baba, kama wafanyavyo wengi, huielekea bima ya daraja la shaba kwa sababu ada yake ni ndogo, asijue kwamba ule msaada wa pili, upunguzao fedha anazotoa mgonjwa mwenyewe hospitalini, hupatikana katika daraja la fedha peke yake. Msaidizi haruhusiwi kumwamulia; huruhusiwa kumwonyesha tofauti, na mara nyingi hiyo yatosha.

Walakini biashara isiyo na faida huishi kwa rehema ya bajeti. Dola milioni 63 walizotengewa wasaidizi mwaka 2016 zilishuka hadi milioni 10 mwaka 2018, zikapanda hadi 80 mwaka 2021 na 100 mwaka 2024, na Februari 2025 serikali ikatangaza kuzirudisha kwenye milioni 10 kwa mwaka. Hoja yake ni kwamba kwa mwaka wa bima wa 2024 wasaidizi hao waliandikisha watu 92,000 tu, yaani zaidi kidogo ya dola 1,000 kwa kila mmoja. Hesabu yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kipimo. Wale watoto watatu waliopelekwa Medicaid hawamo ndani yake, na hakuna kamisheni ya dalali kwa kazi hiyo.

Insafu yataka isemwe pia kwamba madalali ndio waandikishao umma mkubwa zaidi, na wengi wao ni watu wa amana. Hata hivyo, kati ya Januari na Agosti 2024 serikali ilipokea malalamiko zaidi ya 270,000 ya watu walioandikishwa au kuhamishiwa bima nyingine pasipo idhini yao, jambo lisilostaajabisha mahali ambapo jina la mteja huhama pamoja na kamisheni yake.

Upungufu wa fedha za wasaidizi wawaelemea sasa washauri wenye cheti waliomo katika vituo vya afya na hospitali, ambao nao hawatozi kitu, lakini hawana fungu katika fedha hizo na aghalabu wana kazi nyingine. Nao wanaongezewa mzigo: sheria ya Julai 2025 itawaondolea wakimbizi, kuanzia Januari 2027, haki ya ruzuku ya ada mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mkimbizi huweza kuuomba ukaazi huo baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini, kwa hiyo katika nyumba kama ile ya Fort Worth, habari za kadi ya ukaazi zitapasa kuulizwa kabla ya zile za mshahara.