MAKALA ZA MTAALAM ZAPIMWAJE?

Mazao ya mkulima huonekana kwa macho. Yako shambani, yako ghalani, na mizani huonyesha uzito wake. Je, mazao ya mtaalam wa sayansi ni nini? Nayo hupimwaje?

Mtaalam akimaliza uchunguzi wake huandika makala. Wenzake huisoma na kuikosoa, kisha huchapwa katika jarida. Mtaalam mwingine akiitumia makala hiyo, hana budi kuitaja: jambo hili lilichunguzwa na fulani, mwaka fulani. Huko ndiko kutajwa. Ni kama sisi tunavyosema, "Mbegu hii nilipewa na jirani."

Kutajwa huku huhesabiwa. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alitoa wazo la kuwa na orodha inayoonyesha nani kamtaja nani. Mwaka 1964 orodha yake ikaanza kutolewa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mtaalam wa fizikia huko California, akatunga kipimo kiitwacho h.

Hebu tukokotoe pamoja. Mtaalam ana makala 5. Zimetajwa mara 20, 9, 6, 4 na 1. Makala 4 zimetajwa mara 4 au zaidi kila moja. Basi, h yake ni 4. Mwenye makala moja tu, hata ikitajwa mara 1,000, h yake ni 1.

Hesabu hii si mchezo. Vyuo vingi huitazama vinapoajiri na kupandisha watu vyeo. Wenye fedha za utafiti nao huitazama.

UBONGO NA NYOTA

Je, twaweza kumlinganisha mtaalam wa ubongo na mtaalam wa nyota kwa tarakimu hizo? Tutazame.

Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza jinsi umeme unavyopita katika mshipa wa fahamu wa ngisi. Makala yao kubwa ina majina mawili tu. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Sasa njoo kwenye nyota. Septemba 14, 2015 mitambo miwili ya Marekani ilinasa mtikisiko uliotokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali sana angani. Makala ya habari hiyo, iliyotoka Februari 2016, ina majina zaidi ya 1,000. Kila ikitajwa, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa katajwa. Gunia moja la mahindi limeandikwa kwa wakulima elfu, na kila mmoja anasema kavuna gunia zima! Kazi ile ni ya kweli na ni kubwa, lakini tarakimu haisemi nani kafanya nini.

KUTAJWA SI KUSIFIWA

Mwaka 1998 makala moja ilichapwa Uingereza. Ilidai kwamba huenda chanjo ya surua inahusiana na usonji, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuzungumza na kuchangamana na wenzake. Makala hiyo ilitajwa mara nyingi mno. Wengi walioitaja walikuwa wanaipinga. Mwaka 2010 jarida likaifuta. Lakini wazazi wengi walikuwa wameshaogopa chanjo, na surua huua watoto.

Tena makala inaweza kutajwa kidogo na bado ikawa ya kweli. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliona kwamba ubongo umejengwa kwa chembe zilizo mbalimbali. Wakati huo wengi waliamini kuwa zote zimeungana kama wavu. Mwaka 1888 alianzisha jarida lake mwenyewe kwa Kihispania, akachapisha nakala 60 tu. Wataalam wakubwa wa Ulaya wengi hawakujua lugha hiyo. Mwaka 1889 alibeba vipande vyake vya ubongo mpaka Berlin, akawaonyesha kwa darubini ya vitu vidogo. Walipoona, wakasadiki. Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel.

TUFANYEJE BASI?

Hatusemi hesabu zitupwe. Zinasaidia kujua kazi ipi inasomwa. Lakini debe hupima ujazo, halijui kama mahindi yana fukusi. Tamko lililotokana na mkutano wa San Francisco mwaka 2012 lilisema kwamba kazi ipimwe kwa ubora wake, si kwa jarida lililoichapa.

Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba mtaalam fulani "ametajwa mara elfu kumi", usikubali upesi, wala usibeze. Uliza: Aligundua nini? Wengine wamejaribu wakapata vilevile? Waliomtaja walimwunga mkono au walimpinga?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Makala za mtaalam zimetajwa mara 12, 7, 3 na 2. Je, h yake ni ngapi?
2. Kwa nini Cajal alisafiri mpaka Berlin?
3. Kijijini kwetu, ni kazi gani nzuri ambazo hazitajwi?