Wimbo wa Mwenzio Uimbe, Jina Lake Ulitaje

Kila msimu wa tamasha za muziki za shule unapowadia hapa Nakuru, mjadala ule ule huzuka katika vyumba vya walimu: je, kwaya ikiimba wimbo uliokwisha kuvuma kwa sauti za wengine, imefanya kazi ya sanaa au imeiba? Wako wanaoshikilia kwamba kurudia wimbo wa mwingine ni uvivu wa akili. Mimi siafikiani nao, na nawaomba walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao wanivumilie nieleze sababu.

Mfano ulio bora unatoka mbali, katika mji wa Detroit, Marekani, ilikoanzishwa kampuni ya kurekodi muziki ya Motown mwaka 1959. Mwaka 1965, kundi la wanaume la Four Tops lilivuma mno kwa wimbo "I Can't Help Myself". Mwaka uliofuata, kina dada wa The Supremes, waliokuwa chini ya kampuni iyo hiyo, waliurekodi upya katika santuri yao "The Supremes A' Go-Go", pamoja na nyimbo nyingine za wenzao wa nyumba moja. Santuri hiyo ilipanda hadi nafasi ya kwanza Marekani. Four Tops hawakupokonywa kitu. Wimbo ambao Levi Stubbs aliutoa kwa sauti nzito ya mtu anayesihi, Diana Ross aliutoa kwa sauti nyepesi, na maneno yale yale yakapata ladha nyingine. Huko ndiko kuufasiri wimbo, kama mwanafunzi anavyolifasiri shairi.

Hata hivyo, siri ya jambo lile haikuwa katika sauti pekee. Ilikuwa pia katika maandishi. Watunzi walijulikana: ndugu wawili, Brian na Eddie Holland, pamoja na Lamont Dozier. Watatu hao walipozozana na kampuni mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi wakafikishana mahakamani, ugomvi ulikuwa wa fedha na mikataba, si wa nani aliyetunga.

Tulinganishe na ya kwetu. Fadhili William, Mkenya mwenye asili ya Taita, aliurekodi wimbo "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya pamoja, na mwaka 1981 kundi la Boney M nalo likaurudia. Lakini utunzi wake umebishaniwa kwa miaka mingi, kwani Mtanzania Adam Salim alidai kuwa aliutunga tangu miaka ya 1940. Fadhili aliaga dunia mwaka 2001, na ubishi ukasalia. Wimbo ulizunguka dunia, kumbukumbu za mtunzi zikaachwa nyuma.

Shule zetu nazo, kutoka Molo na Njoro hadi Subukia na Naivasha, ni wenzi wa nyumba moja. Mwalimu mmoja nimjuaye aliwatungia wanafunzi wake wimbo kuhusu msitu wa Mau. Mwaka uliofuata akausikia ukiimbwa na shule nyingine, tena umepangwa vizuri kuliko alivyoupanga yeye. Alifurahi. Furaha ilimtoka alipoitazama ratiba: jina la shule limo, la mwongozaji limo, la mtunzi halimo. Hajatunga tena tangu siku hiyo. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya kila mtoto ambaye angaliimba wimbo wake wa pili.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda kazi ya muziki katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini ni vigumu kumtetea mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kwa hivyo napendekeza mambo mawili mepesi. Kwanza, kila mwalimu au mwanafunzi atungaye wimbo aandike jina lake na tarehe, na nakala ihifadhiwe shuleni. Pili, kwaya iimbayo wimbo wa wengine iombe ruhusa, na mtunzi atajwe kabla ya sauti ya kwanza kutoka.

Wahenga walinena: mgala muue na haki yake mpe. Sisi hatumuui mtu. Twauimba wimbo wake. Itakuwaje basi tumnyime haki ndogo ya kutajwa?