Albumini: Mchukuzi wa Damu na Mipaka ya Tiba Yake

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini na kuingizwa katika plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki chembe zikiondolewa, ambamo hufikia gramu 35 hadi 50 kwa lita. Mafuta, homoni na dawa nyingi zisizoyeyuka vizuri katika maji hushikamana nayo na kusafirishwa mwilini. Hubeba pia bilirubini, takataka ya manjano itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu, na ndiyo maana seftriaksoni haifai kwa mtoto mchanga mwenye manjano, kwani dawa hiyo huiondoa bilirubini kwenye albumini ikaweza kupenya hadi ubongoni.

Albumini huyazuia pia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa. Kwa sababu hiyo, uvimbe wa miguu na uso unaoandamana na kwashakoo, utapiamlo unaotishia watoto wa maeneo kama Marabo, katika Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako machafuko yamewatoa wakulima mashambani, ulielezwa kwa muda mrefu kuwa matokeo ya upungufu wa albumini, ingawa leo wataalamu wengi hawaamini kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Utafiti uliofanywa Kivu, pia mashariki mwa Kongo, na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watoto waliolazwa kwa utapiamlo, wenye albumini ndogo zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi kufa.

Mtu angedhani, basi, kwamba dripu ya albumini ingewaokoa. Sivyo: mtoto wa kwashakoo hutibiwa kwa antibiotiki na maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, hadi ini lianze tena kutengeneza albumini lenyewe. Hata kwa wagonjwa wengine dripu hiyo imewahi kudhuru. Katika jaribio la FEAST la Kenya, Uganda na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2011 na ambalo halikuhusisha utapiamlo mkali, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walifuatiliwa; katika saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa kasi, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na 7.3 tu ya wasioongezewa maji hayo.

Albumini ya chupa, ambayo ni ghali kwa kuwa hutolewa katika plazma ya wachangiaji damu, ina nafasi yake halisi kwa mgonjwa wa ini lililosinyaa: anapotolewa zaidi ya lita 5 za maji ya tumbo, hupewa takriban gramu 8 kwa kila lita iliyotolewa, ili shinikizo la damu lisishuke na figo zisifeli.