Kompyuta ya Ofisi: Fedha Iende Wapi?

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mitambo ya hesabu ya Wizara ya Fedha kuleta hasara. Marufuku hiyo haipo tena. Lakini hasara bado yaweza kununuliwa dukani, kwa hiari yetu wenyewe.

Ndugu mwenye ofisi ndogo hapa Dodoma asidanganywe na sifa za prosesa kubwa. Barua na hesabu za michango hazihitaji nguvu hiyo. Twaona afadhali achukue prosesa ya wastani, na fedha itakayobaki inunue memori ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, ambayo huifanya hata mashine kuukuu iwake upesi. Kisha UPS: umeme ukikatika ghafula, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Na vumbi letu la kiangazi (wauzaji wa pwani hawalijui!) huziba feni, kasha na lifunguke kwa urahisi, lisafishwe.

Mashine iliyokwisha kutumika si aibu. Ila aulize kwanza kama yapokea Windows 11, maana utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Kama haipokei, bei na ishuke, au itiwe Linux, ambayo haina malipo.