Bingwa wa Kujihami Yumo Kwenye Samadi

Fukua rundo la samadi lililokaa miezi kadhaa nyuma ya banda la ng'ombe, Wawi au Vitongoji, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, Pemba, utamkuta amejikunja kama mundu: buu mnene, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita mifupi. Huyo ni mtoto wa chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi kote pwani ya Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros. Wengi wetu humrushia kuku na kuendelea na kazi. Lakini buu huyu na jamaa zake wa udongoni wamo katika vita vya kale mno na wadudu vimelea, yaani nyigu na nzi wanaotaga juu yao ili watoto wao wamle angali hai. Vita hivyo vimezaa mabingwa wanaostahili kutajwa mmoja mmoja.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaotangulia kuonekana. Mdudu mzito kuliko wote aliyewahi kupimwa duniani ni buu. Aina yake ni Megasoma actaeon wa Amerika Kusini, alifugwa Japani, na mwaka 2009 mizani ilimsoma gramu 228. Kwetu Afrika, mabuu wa Goliathus wanaoishi kwenye misitu ya Uganda na Kongo hutajwa kufikia gramu 80 hadi 100, na mbawakawa mzima hana uzito huo. Akiba hiyo yote hukusanywa utotoni, na ndiyo inayowavuta maadui: buu mmoja anatosha kumlea mtoto wa nyigu hadi ukubwani. Unene wa buu ni mtaji wake na hatari yake kwa pamoja.

Nani mwenye udhaifu uliojificha zaidi? Jibu lilitafutwa na Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyetumia maisha yake kuwatazama wadudu hadi alipofariki mwaka 1915. Aliwachunguza nyigu wa jamii ya Scolia, ambao huchimba ardhini na kumchoma buu mchomo unaompoozesha bila kumuua. Fabre alipompasua buu aliona kwamba vituo vya mishipa ya fahamu, ambavyo kwa wadudu wengi hutawanyika mwili mzima, kwa mabuu wa jamii ya chonga vimesongamana mahali pamoja. Kwa hiyo sindano moja ikipiga hapo, mwili wote hunyamaza. Kabla ya hapo buu hana mchezo: hujipinda, huuma kwa taya zinazosaga mbao, hujisukuma kwenye udongo. Nyigu hulazimika kumshinda kwanza, ndipo atage yai moja tumboni pake, mahali ambapo taya haziwezi kufika.

Fabre aligundua jambo jingine ambalo kila nikilifikiria hunistaajabisha. Mtoto wa nyigu humla buu kwa mpangilio maalumu, akiviacha viungo vya uhai hadi mwisho ili nyama isioze. Alipomwondoa mtoto huyo kwenye tundu lake na kumweka mahali pengine pa mwili uleule, buu aligeuka mweusi na kuoza, na mlaji akafa pamoja naye. Kumbe hata buu aliyepoozwa angali na kinga ya mwisho: sharti aliwe kwa ustadi, la sivyo humwua mlaji wake.

Ulinzi uliogeuzwa vibaya kuliko wote ni ule wa ndani ya damu. Kitu kigeni kikiingia mwilini mwa buu, chembe za damu yake hukikimbilia, hukizingira tabaka juu ya tabaka, kisha ganda hilo hugeuka jeusi na kigeni hukosa hewa. Ni kinga kali, na mayai mengi ya vimelea hufia humo. Lakini wako nzi wa jamii ya Tachinidae, baadhi yao wakiwa na funza wanaowasaka mabuu wa mbawakawa humohumo udongoni, ambao wameigeuza silaha hiyo. Funza wa nzi huacha azingirwe kwa nyuma tu, karibu na ngozi ya buu au mirija yake ya hewa, na ganda lililokusudiwa kumziba pumzi huwa bomba lake la kupumulia. Buu hujenga kwa damu yake mwenyewe kitu kinachomweka adui hai. Sijasoma hila kubwa kuliko hiyo katika habari zote za wadudu.

Kwa sumu, taji linakwenda Kalahari. Mabuu wa mbawakawa Diamphidia hula majani kisha huzama mchangani, pengine karibu mita moja kwenda chini, na kujifungia ndani ya kifuko cha mchanga. Wasan wa Namibia na Botswana huwafukua na kupaka umajimaji wao kwenye mishale, na sumu hiyo, inayovunja chembe nyekundu za damu, humwangusha mnyama mkubwa. Hata hivyo yuko mbawakawa mwingine, Lebistina, ambaye buu wake humng'ang'ania Diamphidia na kumla bila kudhurika. Wawindaji hutumia hata huyo mlaji kwa mishale yao.

Mwenye mbio ni buu wa mbawakawa Cicindela dorsalis. Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi mabuu hao, kwenye kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia nchini Marekani, wanavyoruka juu, kujipinda kuwa duara na kubingirika mchangani wakisukumwa na upepo, kasi ikifikia mita 3 kwa sekunde. Kwa kawaida mabuu wa jamii hii hukaa kwenye shimo la wima, taya juu, wamejishikiza kwa ndoano za mgongoni wasivutwe nje. Adui yao mkubwa, nyigu Methocha asiye na mbawa, hujitia kwenye taya hizo kwa makusudi: wembamba wake humnusuru, na akiwa hapo humchoma buu kooni.

Ngome bora kuliko zote, hata hivyo, iko kwetu, na ushahidi wake ulipatikana mbali sana. Mwaka 1909 chonga wa Asia, Oryctes rhinoceros, aliingia Samoa pamoja na miche ya mpira kutoka Sri Lanka, na minazi ikaanza kufa. Miongoni mwa maadui waliotafutwa kumkabili alikuwamo nyigu wa visiwa vyetu: Scolia ruficornis alichukuliwa Zanzibar katika miaka ya 1940, akapelekwa Samoa na Palau, akastawi huko. Safari hiyo ilivuka bahari mbili, na ningependa watoto wa skuli za Pemba waijue. Lakini chonga hakushindwa. Nyigu aliwafikia mabuu waliokuwa kwenye mboji na unga wa mbao ulio legevu, ambamo anaweza kuchimba. Waliokuwa ndani ya magogo ya minazi walisalimika, kwa kuwa shina gumu, hata likianza kuoza, ni ukuta ambao miguu ya nyigu haiupenyi. Ilibidi waje kupunguzwa na kirusi ambacho mtafiti Alois Huger alikigundua Malaysia mwaka 1963, kikaachiwa Samoa mwaka 1967.

Mkulima wa Pemba anayo kazi hapo. Ukiona nyigu weusi wakizunguka chini chini juu ya samadi, waache. Wanatafuta mabuu, na wakubwa wao hunywa utomvu wa maua tu. Samadi igeuzwe mara kwa mara, isishindiliwe, ili nyigu na kuku wapate njia. Na mnazi uliokufa usiachwe umesimama shambani hadi uoze, wala usilale mzima kwenye nyasi. Upasuliwe, ukaushwe juani au uchomwe, maana shina kavu lililochanwa halimfai chonga kutagia.