Mafuta ya Zeituni na Afya ya Ini

Mafuta ya zeituni tunayafahamu kwa Ubatizo, Kipaimara na Mpako wa Wagonjwa. Siku hizi yanasifiwa pia kuwa dawa ya ini. Zipo familia zinazojinyima ili kununua kichupa kimoja, mgonjwa anywe kijiko asubuhi na jioni, huku chakula cha nyumbani kikibaki kilekile. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza mafuta hayo yanasaidia nini, na hayasaidii nini.

Ini lenye mafuta

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5. Husafisha damu, hutengeneza nyongo na huweka akiba ya sukari. Tukila mafuta na vitu vitamu kupita mahitaji ya mwili, sehemu ya ziada hurundikana ndani ya ini kama mafuta. Yakizidi asilimia 5, ndipo husemwa kuwa ini lina mafuta. Hali hii huwapata hata wasiokunywa pombe, hasa wenye kitambi na wenye kisukari. Kwa miaka mingi huwa haiumi, lakini kwa baadhi ya watu ini huvimba, hupata makovu na mwishowe hushindwa kazi.

Zeituni husaidiaje?

Samli na mafuta ya nyama yana sehemu kubwa ya mafuta mazito, yale yanayoganda. Mawese nayo yanayo kwa wingi. Mafuta ya zeituni kwa sehemu kubwa ni mepesi. Panya waliopewa zeituni badala ya mafuta ya nguruwe wameonekana kurundika mafuta machache zaidi katika ini. Neno la kushika hapa ni "badala ya". Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori zipatazo 120. Ukikinywa juu ya chipsi na maandazi ya kila siku, unaliongezea ini mzigo.

Je, asiye na fedha za zeituni?

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walitoa matokeo ya watu 39 waliokula keki za ziada kwa wiki 7. Kundi moja lilipewa keki za mawese, jingine za alizeti. Uzito wao uliongezeka karibu sawa, lakini waliokula za mawese walirundika mafuta mengi zaidi katika ini. Basi alizeti ya Singida na Dodoma inatufaa hapa Manundu. Parachichi la Lushoto nalo lina mafuta yanayofanana na ya zeituni. Hata Kanisa, mwaka 1972, kwa idhini ya Papa Paulo VI, liliruhusu mafuta mengine ya mimea katika Mpako wa Wagonjwa pale zeituni inapokosekana.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tupime mafuta kwa kijiko, tusimimine kutoka kwenye chupa.

2. Tuchemshe na kuchoma zaidi, tukaange mara chache.

3. Tupunguze soda na sukari ya chai, na tuache pombe.

4. Mwenye uzito uliozidi aupunguze polepole kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo 6 hadi 9. Hiyo hulisaidia ini kuliko mafuta yoyote.

5. Tusinywe mafuta ya zeituni na ndimu kwa wingi ili "kuosha ini". Vidonge vya kijani vinavyoonekana chooni si mawe ya nyongo, bali ni mafuta yaliyogeuka kama sabuni tumboni.

Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, au mtu akitapika damu, apelekwe mara moja hospitali, kama ya Magunga. Huenda ni homa ya ini au ugonjwa mwingine usiotibiwa kwa mafuta, na kila siku ya kungoja kichupa kifanye kazi ni siku iliyopotea.

Mwili ni zawadi ya Mungu. Tuutunze kuanzia jikoni.