Jina la Meli: Shujaa wa Nani?

Mtoto wa Kiislamu, awe wa Dutwa au wa Kigoma, huchaguliwa jina jema na wazazi wake, aghalabu siku ya saba, akika inapofanywa. Mataifa nayo huzipa manowari zao majina ya mashujaa wao. Swali ni: shujaa wa nani?

Meli moja ya Ziwa Tanganyika inatufunza. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Februari 1915, vita vikiendelea, ilishushwa majini na baadaye ikafungwa mzinga. Iliitwa Graf von Götzen, kwa kumuenzi gavana wa Kijerumani aliyetawala nchi hii kuanzia 1901 hadi 1906. Ni katika utawala wake Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905. Askari walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaangamiza watu maelfu kwa maelfu. Waliompa heshima hiyo walimwona shujaa. Mayatima wa Umatumbi na Ungoni walimjua kwa mengine.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, isitekwe na adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Jina hilo ndilo lililodumu.

Wazazi, jina ni amana. Kabla ya kumpa mtoto jina la mtu mashuhuri, ulizeni kwanza aliwatendeaje wanyonge.